Tulimcheka kwa fumbo la kalamu, sasa haji tena kubangua nasi

Bibi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwara mjini, upande wa Chikongola. Kazi yangu ni kubangua korosho. Tuko wanawake saba, tunakaa kwenye kibaraza cha mwenzetu mmoja ambaye uwanja wake una mwembe mkubwa. Msimu ukifunguka mwezi wa kumi tunaanza, na hatuachi mpaka korosho za kubangua zituishie. Mmoja anakaanga kwenye bati, wengine tunabangua, wengine wanamenya ganda laini na kuchambua, nzima huku, vipande kule. Ukiwa kwenye kazi hii mikono haina nafasi na macho hayana nafasi, mdomo tu ndio uko huru. Basi kwa miaka tisa tumekuwa tukitegana vitendawili.

Shoga yangu ninayetaka kukueleza habari zake ametokea Newala. Shule aliishia darasa la tano, baba yake alipofariki. Lakini kwa vitendawili, Bibi, hajawahi kutokea wa kumshinda pale kibarazani. Vile vya kawaida anavijua vyote, na vingine anavitoa sijui wapi. Kuna siku alitega hivi: "Mwanangu hana haya, kazaliwa akabaki nje ya tumbo la mama yake." Tulihangaika mpaka adhuhuri, tumempa Masasi akakataa, tumempa Dodoma akakataa, mpaka alipopewa Dar es Salaam ndipo akatuambia: korosho. Tunazo mikononi mchana kutwa, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mbegu yake inaning'inia nje ya bibo!

Mwaka huu nimemleta binti wa dada yangu atusaidie. Amemaliza kidato cha nne, ni mchangamfu, ana simu nzuri. Alipoona tunategana vitendawili akafurahi, naye akaleta vya kwake, anaviita chemsha bongo. Mwanzoni tulivipenda sana, na mimi hasa, maana nilikuwa napenda hesabu shuleni. Siku moja akauliza: "Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100. Daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni shilingi ngapi?"

Shoga yangu hakungoja. Akasema, "Mia." Binti akasema siyo. Shoga yangu akashikilia kwamba ni mia, akawa anaeleza kwa sauti, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyocheka. Binti alipotoa jibu, kwamba kalamu ni shilingi 50, kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Na leo nakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu: kichwani mwangu nami nilikuwa na mia ileile. Yeye alinitangulia kusema tu.

Baada ya hapo akapewa jina. Akipita wanasema "Bi Mia huyo." Akibangua akavunja korosho wanasema "Mia imepasuka." Alikuwa anatabasamu. Nilidhani amezoea.

Siku ya nne akatega kitendawili, cha kwanza tangu siku ile. Alisema: "Nimepewa mbele za watu, nikaenda kukificha chumbani, kadiri ninavyokificha ndivyo kinavyokua." Mmoja akasema mimba, wengine wakamkatalia, mimba haipewi mbele za watu. Binti akasema mkopo, maana mkopo wa kikoba unapewa mbele za wenzako, unakwenda nao nyumbani, na riba inakua. Shoga yangu akasema siyo. Binti akatoa simu, akatafuta, akasema, "Mama, hiki hakipo. Umekitunga." Watu wakacheka tena. Mwenzetu mmoja akamalizia: "Jibu lake ni mia!"

Shoga yangu akakung'uta kanga, akachukua ungo wake, akaondoka. Jibu hatulijui mpaka leo. Sasa ni wiki ya tano. Korosho anabangulia kwake peke yake. Jumapili kwenye kikoba anakuja, anaweka hisa zake, ananisalimia kwa adabu, ile adabu anayopewa mtu baki. Tulikuwa hatuna adabu ya namna hiyo baina yetu.

Wenzangu wanasema ni mchezo tu, na aliyekasirikia mchezo atarudi mwenyewe. Mume wangu naye anasema hivyohivyo. Mmoja anadai huenda ana jambo lake la fedha, kitendawili kimekuwa kisingizio. Mimi moyo wangu haukubali. Nifanye nini arudi? Na je, nimkataze binti kuleta chemsha bongo zake?

Mwanao, Mtwara.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imekaa mezani kwangu siku mbili, na kuna mahali nimeparudia mara nyingi. Ni pale uliposema kwamba na wewe kichwani ulikuwa na mia. Nina hakika hukuwa peke yako. Pale kibarazani, ukiacha binti aliyekuja na jibu lake tayari, karibu nyote mlikuwa na mia. Mlimcheka mwenzenu kwa jibu lenu wenyewe, kwa kuwa yeye alifungua mdomo na ninyi mkanyamaza. Hilo ndilo linalomuuma, hata kama hajui namna ya kulisema. Mtu anajua akichekwa na aliyemzidi, na anajua akichekwa na aliye sawa naye. Cha pili kinachoma kuliko cha kwanza.

Swali hilo la daftari na kalamu nalifahamu. Limetengenezwa makusudi ili mtu ateleze. Profesa mmoja wa Marekani, Shane Frederick, alilichapisha mwaka 2005 pamoja na mengine mawili. Kwake yeye vitu vilikuwa fimbo na mpira wa mchezo wao, na bei ilikuwa kwa dola. Alitaka kupima kama mtu anasimama kukagua jibu la kwanza linalomjia. Akawauliza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, vikiwemo Harvard na Princeton, ambavyo kuingia kwake ni kazi kubwa. Wengi wao walijibu kama shoga yako. Jibu lenyewe linakuja mbio, linakaa vizuri mdomoni, na linafanana na ukweli. Hakuna darasa la tano wala la kumi na mbili katika jambo hilo. Nataka ulifahamu wewe kwanza, kisha binti alifahamu, kabla ya mtu yeyote kumwendea mwenzenu. Msije mkaenda kumsamehe ujinga ambao hakuufanya.

Sasa twende kwenye vitendawili, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Mimi nimezaliwa Mingoyo, upande wa Lindi, na nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Bibi yangu, Mmwera, alikuwa akisuka ukili usiku mbele ya kibatari nasi tumemzunguka. Alikuwa akisema "Kitendawili!", tukiitikia "Tega!", na akitega tunahangaika. Tukishindwa haulizi nani amekosa. Anasema: "Nipeni mji." Hapo ndipo mchezo unanoga. Tunampa Mikindani, anasema Mikindani nimetoka jana. Tunampa Nachingwea, anasema mbali, miguu inaniuma. Tunampa Kilwa, anatulia, anaonja kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, anakubali. Kisha anasafiri: "Nimekwenda Kilwa, nimepokelewa kwa ngoma, nimekula samaki, nimelala kitanda cha besera, watu wa Kilwa wakaniuliza jibu, nikawaambia ni kivuli." Sisi tulioshindwa tunacheka mpaka machozi, na hakuna aliyetucheka.

Umeona kilichofanyika hapo? Aliyeshindwa anageuka kuwa mwenye mji. Ana kitu cha kutoa, na mtegaji hapati haki ya kusema jibu mpaka apokee kutoka kwake. Kuna kuombana, kuna kukataliana, kuna safari na chakula, na kwa muda wa safari hiyo kushindwa kumekwisha kusahaulika. Waliotuachia mchezo huu walijua kwamba watu wakipimana akili, mmoja ataaibika, wakamwekea mlango wa kutokea akiwa na heshima yake. Kwa umri wangu huu bado naona ni katika mambo ya busara kubwa tuliyorithi.

Chemsha bongo za simu zimekuja bila mji. Swali linaulizwa, unakosa, unaambiwa umekosa, basi. Unabaki umesimama pale mbele za watu na kosa lako mkononi, huna pa kuliweka. Simlaumu binti. Ndivyo alivyozifundishwa, na shuleni nako tuliwafundisha hivyohivyo: mwenye jibu ananyoosha kidole, asiye nalo anatazama chini. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe miaka yangu yote ya chaki, na kuna nyuso za watoto ninazozikumbuka mpaka leo.

Lakini kuna kosa la pili katika barua yako, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kalamu. Ni pale binti alipotazama simu akasema, "Hiki hakipo. Umekitunga."

Mwanangu, vitendawili vyote vimetungwa. Hakuna hata kimoja kilichoota shambani. Chukua hiki unachokijua tangu utoto: "Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni." Kikombe. Kitendawili hicho kisingeweza kuwepo kabla ya vikombe vya mkono kufika pwani yetu. Kuna siku mtu alikaa akakitazama kikombe, akaona mkono wake umeshika kiuno, akacheka peke yake, jioni akakitega. Au hiki: "Gari langu halitumii petroli." Miguu. Nani angekitega kabla ya magari? Na watu wa baharini walitunga cha papa: "Aliwa, yuala, ala, aliwa." Hebu kisikilize kilivyopigwa. Aliyekitunga hatumjui jina, lakini alikuwa mtu, na siku aliyokitega kwa mara ya kwanza hakikuwepo mahali popote isipokuwa kinywani mwake.

Hata mimi nilipokuwa nikifundisha nilitunga kimoja kwa ajili ya darasa langu: "Ndugu yangu mzaliwa wa Lindi, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, yuko Berlin, hali wala hanywi." Watoto walinipa miji yote ya Tanzania wakanipa na ya Kenya. Jibu ni dinosaria wa Tendaguru, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kilimani pale, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, wakaisafirisha kwao, na mwaka 1937 wakamsimamisha ndani ya jumba lao la makumbusho. Urefu wake unapita mita 13. Siku ile watoto waliokuwa hawajawahi kusikia Tendaguru walikwenda kuwauliza wazee wao nyumbani. Hakikuwepo kwenye kitabu chochote. Kilikuwa kitendawili au hakikuwa?

Kwa hiyo shoga yako aliyetunga kile cha korosho, mbegu iliyobaki nje ya tumbo, ni mtungaji. Mnaye mtungaji kwenye kibaraza chenu. Watu kama hao ni wachache. Shuleni kwangu niliweza kufundisha miaka mitatu bila kumpata mmoja. Kumwambia mtungaji "umekitunga" kama vile umemkamata na mali ya wizi, ndiko kulikomwinua pale mwembeni. Ile ya kalamu aliivumilia siku nne. Hii hakuivumilia hata dakika moja. Mlimcheka kwa hesabu, ambayo si yake, akatabasamu. Mlipomcheka kwa kitu ambacho ni chake, akachukua ungo.

Habari ya kwamba ana jambo la fedha, iacheni. Mtu mwenye tatizo la fedha asingekuja Jumapili kuweka hisa.

Sasa la kufanya.

Nenda kwake. Nenda wewe, peke yako, jioni kazi zikiisha. Usimtume mtu, usiwakusanye wenzako mkaenda sita kama wanaokwenda kutoa pole. Usibebe sukari wala unga. Ukibeba atalazimika kukukaribisha kama mgeni, na adabu ileile inayokuchoma Jumapili itakaa kati yenu. Ukimkuta anabangua, kaa chini ubangue naye. Nadhani wewe unajua kuliko mimi jinsi maneno yanavyotoka mikono ikiwa kazini.

Kisha mwambie ile habari ambayo hujamwambia mtu. Mwambie kwa maneno ya kawaida: "Siku ile mimi nami nilikuwa na mia kichwani. Nilicheka kwa sababu niliogopa kuchekwa. Nisamehe." Usiifumbe kwa methali, usiizungushe. Mafumbo yana mahali pake, lakini radhi inaombwa wazi. Usianze kumweleza habari za profesa wa Marekani kabla ya kuomba radhi, ataona umekuja kumfundisha tena. Hayo yatakuja baadaye, na siku hiyo yatamfurahisha.

Halafu nyamaza. Akilia, mwache. Akisema hana neno na wewe, usikubali haraka. Wanawake wa kwetu tunasema "sina neno" tukiwa tumebeba gunia la maneno.

Ndipo umwambie: "Kitendawili chako kimenishinda. Nakupa mji."

Mwanangu, huu ndio mlango wako, na ameuacha wazi yeye mwenyewe. Alitega, hamkujua, na hakuna aliyempa mji. Kwa kanuni za mchezo wetu yule mama anaidai baraza nzima wiki ya tano sasa. Mpe mji mzuri. Usianze na mdogo. Na akiukataa, furahi, furahi sana, kwa sababu anayekataa mji ameshaingia kwenye mchezo. Mpe mwingine. Mpe mpaka akubali. Ikiwa hataki kabisa, akasema siku hizo zimepita, basi maliza korosho uliyoshika, muage, urudi siku nyingine. Wiki tano za kimya hazimalizwi kwa jioni moja.

Na kabla hujaenda, kisome tena kitendawili chake polepole, neno kwa neno, ukikumbuka kwamba alikitega siku nne baada ya kalamu.

Kuhusu binti, usimkataze. Swali lake lilikuwa zuri na ana akili ya kulipenda. Lakini mkalishe umweleze habari ya mji, kwa sababu inaonekana hakuna aliyewahi kumweleza. Amekulia kwenye simu, si kosa lake. Kuanzia sasa anayeleta chemsha bongo naye apokee mji kutoka kwa walioshindwa, asafiri, ale, ndipo aseme jibu. Na akisema jibu, alionyeshe. Swali la kalamu lingeweza kuonyeshwa papo hapo kwa vitu mlivyokuwa navyo. Weka korosho 11 zilizomenywa kwenye ungo, kila moja ni shilingi mia. Daftari limezidi kwa elfu moja, basi litengee korosho 10 upande wake. Imebaki moja. Daftari na kalamu sasa wanaidai sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake. Ipasue. Korosho wewe unaijua, inapasuka yenyewe katikati, nusu kwa nusu. Kalamu ina nusu, yaani 50. Daftari lina 10 na nusu, yaani 1,050. Shoga yako angeliona jibu hilo kabla binti hajamaliza kupasua, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mikono yake.

Nilipokuwa nikifundisha nilipenda fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani. Mwambie binti aliweke kwenye mtumbwi wa kuvukia Msangamkuu: chombo kinambeba mwenye mali na kimoja tu katika hivyo vitatu, na akiwaacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa, akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Korosho tatu na ganda moja la nazi vinatosha kulitatua kwenye mkeka. Siri yake ni kwamba mbuzi anavushwa kwanza, na baadaye anarudishwa, jambo ambalo watu hawalifikirii kwa sababu nani anataka kurudisha alichokwisha kuvusha? Fumbo la aina hiyo liko kwenye maandishi ya Kilatini ya Ulaya yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, huko ni mbwamwitu, mbuzi na kabichi, na liko katika hadithi za Kiafrika nazo. Basi binti asidhani kuna vya simu upande huu na vya bibi upande ule.

Lile jina, Bi Mia, likome. Hapa huhitaji hotuba. Siku ya kwanza mtu akilitaja, mwambie mbele ya wote, "Mia ilikuwa jibu langu pia," kisha endelea kubangua. Hakuna atakayelirudia, kwa sababu kila mmoja anajua alichokuwa nacho kichwani siku ile. Sema hivyo hata kama yeye hayupo. Hasa kama hayupo. Maneno yatamfikia tu, Chikongola si kubwa kiasi hicho.

Binti naye ana radhi yake ya kuomba, lakini baadaye, na kwa njia yake. Ningekuwa mimi ningemwambia aende na daftari. Aketi, amwombe yule mama amtegee vitendawili vyake alivyovitunga mwenyewe, kimoja kimoja, aviandike pamoja na majina ya miji aliyompa. Kile cha korosho kiwe cha kwanza. Kama havipo kwenye simu, basi viwepo kwenye daftari, na yeye ndiye aliyeviweka.

Mimi nami kitendawili chake nimekaa nacho. Nilianza na mkopo kama binti yako, nikauacha. Kuna kitu kingine kilinijia usiku wa pili, nikashindwa kulala, lakini sikitaji hapa. Mtegaji ni yeye, na jibu litatoka kwake. Ukifika, ukimaliza kutoa mji wako, mwambie kuna bibi kizee wa Mingoyo naye ameshindwa. Nampa Lindi, kuanzia bandarini mpaka Rondo kwenye baridi. Akisema Lindi ndogo, mwongezee na Kilwa zote tatu, Kisiwani, Kivinje na Masoko. Akikataa na hizo, niandikie haraka, nitafute nyingine.